Daktari wa Simu Asiwe Kisingizio



Katika mkutano wa mwisho wa tawi letu lilizuka swali lililotugawa pande mbili, na jua likatua kabla hatujakubaliana. Meneja alikuwa ametuletea habari kwamba shamba linazungumza na hospitali moja kubwa ya kufundishia, ili madaktari wa huko wawaone wagonjwa wetu kwa njia ya simu na kompyuta bila mgonjwa kuondoka shambani. Baadhi yetu walipiga makofi. Wengine walisema: "Huu ni ujanja. Leo wanatuletea daktari wa simu, kesho watafunga zahanati na kuuza gari la wagonjwa."

Siku ile nilikuwa nimekalia kiti cha mwenyekiti, kwa hiyo sikusema mengi. Leo nataka kusema. Mimi si daktari. Shule niliishia darasa la saba, na umri wangu mwingi nimeumaliza katika chai: kwanza kuchuma, halafu kiwandani, halafu katika kazi ya chama. Lakini jambo hili si la madaktari peke yao. Ni la anayeumwa, na wanaoumwa ni sisi.

Neno langu ni hili. Waliopiga makofi wana haki, na walioogopa wana haki pia. Daktari wa simu anaweza kutuokoa, tena ameshatuokoa. Lakini asipoandikiwa masharti katika mkataba, atageuzwa kuwa kisingizio cha kutunyima yale machache tuliyo nayo.

JAMBO HILI LIMO MIFUKONI MWETU TAYARI

Wengi mnakumbuka habari ya kijana wetu wa kiwandani aliyekamatwa mkono na roli za mashine ya kusaga majani. Ilikuwa zamu ya usiku, msimu wa mvua, na maji yalikuwa yamefunika daraja. Zahanati ilikuwa na mtu mmoja tu, yule Sista wetu tunayemwita Musawo, kama tunavyowaita waganga wote huku Uganda.

Sista aliosha jeraha na kuzuia damu. Kisha akamwomba kijana ruhusa, akaupiga picha ule mkono kwa simu yake mwenyewe, akampelekea daktari mmoja wa upasuaji aliyemfundisha zamani chuoni. Mungu si Athumani, daktari alikuwa macho. Akapiga simu ya picha, akaanza kuuliza. Ncha za vidole zina rangi gani? Ukiubonyeza ukucha ukauachia, damu inarudi? Ukimgusa na sindano, anahisi? Akamwambia Sista asikate kidole hata kimoja, akamweleza namna ya kufunga, dawa ya kumpa, mkono uinuliwe juu, na mgonjwa asile kitu kwa sababu asubuhi atapasuliwa.

Asubuhi trekta lilimvusha. Kijana alipoteza vidole viwili. Vitatu vipo, na leo anashika panga na kijiko kwa mkono ule ule.

Sasa sikilizeni yaliyofuata. Baada ya wiki mbili Sista aliandikiwa barua ya onyo. Makosa yake yalikuwa mawili: kutumia simu wakati wa kazi, na kutoa picha nje ya shamba bila idhini ya ofisi. Bando alilotumia alilinunua kwa pesa yake. Hakuna aliyemwuliza ni shilingi ngapi.

Naye kijana alipodai fidia, karani alimtaka alete maandishi ya daktari wa usiku ule. Hayakuwapo. Daktari alisema kwa mdomo, Sista alisikia kwa sikio, na usiku ukapita. Barua ya onyo tuliipigania miezi minane mpaka ikafutwa. Fidia ililipwa mwaka uliofuata.

Ndugu zangu, tupime wenyewe. Tiba ya simu haingoji meneja aje kuizindua kwa hotuba na soda. Ipo tayari, imo mifukoni mwa manesi wetu. Hakuna faida kubishana kama tuikubali au tuikatae. Tuulize nani ailipie, nani aandike, na nani alindwe mambo yakiharibika.

WENZETU WALIFANYAJE?

Kumshauri mgonjwa aliye mbali si jambo lililozaliwa jana. Mwaka 1957 madaktari watatu wa upasuaji walianzisha katika Afrika ya Mashariki shirika tunalolijua kwa jina la AMREF, lile la madaktari wa ndege. Kazi ile ilikwenda pamoja na redio za mawasiliano: mhudumu aliyekuwa peke yake porini aliweza kueleza ugonjwa, akapata ushauri, au akaletewa ndege. Lakini angalieni, hata wakati ule redio bila mtu aliyesomea tiba upande wa pili ilikuwa sanduku la kelele tu.

Mfano ulionifungua macho nilielezwa na kijana mmoja mganga katika semina ya chama. Huko Marekani, katika jimbo la New Mexico, watu wengi walikuwa na homa ya ini aina ya C. Ugonjwa ule wakati huo ulikuwa na matibabu magumu, na mabingwa walikuwa wachache, wamekusanyika katika hospitali ya chuo kikuu mjini Albuquerque. Mgonjwa wa kijijini alingoja miezi 8 kuonwa, tena baada ya safari ndefu.

Daktari mmoja wa hospitali ile, Sanjeev Arora, mwaka 2003 alianza mpango walioupa jina la ECHO. Hakusema, "Wagonjwa wote wa vijijini watazameni mimi kwenye kioo." Alifanya kinyume. Kila wiki wahudumu wa zahanati za vijijini na za magereza walikaa mbele ya kioo pamoja na mabingwa wa chuo. Mhudumu alieleza habari za mgonjwa wake, mabingwa wakashauri, na wahudumu wa zahanati nyingine wakasikia na kujifunza. Mgonjwa alibaki mikononi mwa mhudumu wake anayemjua, na mhudumu akazidi kuwa hodari mwezi hata mwezi.

Mwaka 2011 matokeo yalichapishwa katika jarida kubwa la madaktari. Walipimwa wagonjwa 407. Waliotibiwa na mabingwa hospitalini, walipona asilimia 57.5. Waliotibiwa na wahudumu wa vijijini na magerezani, walipona asilimia 58.2. Maana yake, nesi na mganga wa kijijini, akipewa elimu na msaada, hakuachwa nyuma na bingwa wa mjini.

Tena hata hapa kwetu hatukuwa mikono mitupu. Taasisi ya Magonjwa ya Kuambukiza ya Chuo Kikuu cha Makerere, iliyopo Mulago, iliendesha laini ya simu ambayo mhudumu wa afya wa mbali aliweza kupiga na kuuliza juu ya dawa za UKIMWI. Wengi walio hai leo walisaidiwa na simu ambazo wenyewe hawakuzisikia.

Ndiyo maana nasema ni vizuri jambo hili lipitie hospitali ya kufundishia, wala lisipitie duka la mtu. Hospitali ya kufundishia ina mabingwa, ina wanafunzi, na kazi yake ni kuongeza watu wenye ujuzi. Tazameni jirani zetu wa Rwanda. Kampuni ya kutoka London iliwaletea huduma ya daktari wa simu iliyoitwa Babyl, na zaidi ya watu milioni 2 wakajiandikisha. Mwaka 2023 kampuni mama ikaanguka huko Uingereza, na huduma ile Rwanda ikakoma. Mgonjwa wa kijijini hakuwa na kosa lolote. Afya yake ilikuwa imefungwa kwenye kamba iliyoshikwa na watu asiowajua. Mulago imekuwapo tangu 1913, na chuo cha udaktari cha Makerere tangu 1924. Vina shida zao nyingi, lakini tunajua vilipo, na tunaweza kwenda kupiga hodi.

SIMU HAIBEBI MGONJWA

Sasa nageukia upande wa wale walioogopa, kwa sababu nao niliyaona kwa macho yangu.

Mwishoni mwa Machi 2020, wakati wa korona, serikali ilipiga marufuku magari ya watu binafsi kutembea. Mgonjwa aliyetaka kwenda hospitali kwa gari alihitaji kibali cha mkuu wa serikali wa wilaya. Siku zile mama mmoja mchuma chai, jirani yangu katika kambi, alishikwa na uchungu usiku. Mkunga alimpima, akaona mambo si ya kawaida, akampigia daktari simu. Daktari alisikiliza, akauliza maswali mawili matatu, akasema: "Mtoto amelala kwa upana. Mleteni sasa hivi, hapo hamumwezi."

Ushauri ule ulikuwa sahihi, neno kwa neno. Lakini gari la wagonjwa la shamba lilikuwa juu ya mawe tangu Januari, halina magurudumu. Dereva wa lori la majani alikataa kuondoka bila kibali, na mimi simlaumu, alikuwa na watoto. Boda boda hazikuruhusiwa kubeba abiria. Tulizunguka na tochi kutafuta mtu wa kutuandikia karatasi. Mama alifika hospitali alfajiri. Yeye alipona. Mtoto hakupona. Kaburi tulilichimba watu wawili, mimi na baba yake.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba tukipata daktari wa simu hatuna haja ya gari, mimi namjibu kwa kaburi lile. Simu inasikia, inaona, inashauri. Haibebi mgonjwa. Haipasui. Haina chupa ya damu. Kutoka Fort Portal hadi Mulago ni kama kilomita 300, na daktari aliye kwenye kioo yuko mbali kilomita zile zile. Tena ukipata daktari mzuri wa simu, utahitaji gari zaidi kuliko zamani, maana atawagundua wagonjwa ambao hapo mwanzo tulikuwa tukiwazika bila kujua walikuwa na nini.

TUNATAKA NINI?

Chama kisikae kungoja karatasi iliyokwisha kuandikwa ofisini. Mazungumzo ya mkataba wa pamoja yakifunguliwa, napendekeza wajumbe wetu waweke mezani mambo haya saba.

Kwanza, watu wa zahanati wasipunguzwe. Iandikwe wazi kwamba daktari wa simu ni nyongeza, si badala ya mtu. Pasipo nesi wa kubonyeza ukucha na kumwambia daktari kama damu inarudi, daktari ni kipofu hata akiwa bingwa wa dunia.

Pili, vifaa, umeme na bando vilipwe na mwajiri. Mwaka 2021 serikali iliiondoa ile kodi ya mitandao ya kijamii, ikaweka ushuru wa asilimia 12 juu ya data ya intaneti. Sheria ilisamehe data inayotumika kwa tiba na elimu. Lakini nesi anayenunua bando kwenye kibanda kando ya barabara, nani atajua kwamba bando lile ni la kutibia watu? Analipa kama anayetazama mpira. Jambo hili si la kumwachia nesi mfukoni mwake.

Tatu, saa za kujifunza zihesabiwe kuwa saa za kazi. Kama mhudumu atakaa na mabingwa kila wiki, akae katika saa za mshahara, wala asiibiwe siku yake ya kupumzika. Na akiitwa usiku, alipwe ziada kama anavyolipwa mtu wa boila.

Nne, kila ushauri uandikwe. Jina la daktari, saa, alichoambiwa na nesi, na alichojibu. Nakala apewe mgonjwa. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inatupa haki, lakini haki hiyo hupitia katika maandishi ya daktari. Maandishi hayo yatamlinda na nesi pia: akifuata alivyoelekezwa na mambo yakaharibika, asiachwe peke yake kubeba lawama.

Tano, siri ya mgonjwa ilindwe. Sheria ya kulinda taarifa za watu ipo tangu mwaka 2019. Pawe na chumba chenye mlango. Mtu asielezee ugonjwa wake kwenye kioo huku foleni nzima ya wachumaji inasikiliza. Tena habari za ugonjwa zisipite ofisini kwa meneja. Tunajua jinsi mtu mwenye UKIMWI au kifua kikuu anavyoweza kukosa kazi msimu unaofuata, na sababu ikaandikwa kuwa ni "upungufu wa majani."

Sita, lugha. Katika kambi moja utakuta Mkiga, Mtoro, Mlugbara, Mnyarwanda na Mkongo. Daktari anaongea Kiingereza, mgonjwa anaitikia "ndiyo" kwa heshima, hakuelewa kitu. Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi ya nchi. Basi na kitumike mahali ambapo kutoelewana kunaua. Nesi anayetafsiri ahesabiwe kwamba anafanya kazi ya pili.

Saba, gari. Liwe na magurudumu, mafuta na dereva wa zamu, mchana na usiku. Bila hili la saba, sita za mwanzo ni mazungumzo matamu.

WENZETU WA UPANDE WA PILI

Kuna jambo moja zaidi ambalo sikulisikia likisemwa na upande wowote katika mkutano wetu. Saa nane za usiku, simu ikilia katika hospitali ya kufundishia, nani ataipokea? Mara nyingi si profesa. Ni daktari kijana aliye katika mwaka wa mazoezi, ambaye hajalala tangu jana. Vijana hao waligoma Novemba 2021 kwa sababu ya malipo. Kama watarundikiwa wagonjwa wetu wa simu juu ya wale waliolala sakafuni mbele yao, bila kuongezewa watu wala posho, simu italia mpaka ichoke. Kwa hiyo madai yao yasionekane kwetu kuwa ni ya wasomi wa mjini. Akidhulumiwa anayepokea simu, aliyepiga naye amedhulumiwa.

Vile vile tusisahau majirani nje ya uzio wa shamba. Wakulima wadogo wanaouza majani kiwandani, na wanavijiji wasio na chai hata mche mmoja, nao huja katika zahanati yetu wakiwa na mtoto mwenye degedege. Serikali iliondoa malipo katika vituo vyake vya afya mwaka 2001, na hilo lilikuwa jambo jema, lakini mtu hufika kituoni akaambiwa dawa zimekwisha na daktari yupo semina. Kuna wale wajumbe wa Timu za Afya za Vijiji, wanaotembea nyumba kwa nyumba kwa kujitolea, bila mshahara. Wao ndio wanaojua nani anaumwa kabla ya simu yoyote kupigwa. Tukidai kioo cha daktari, tudai na wao waruhusiwe kuleta wagonjwa wao mbele ya kioo hicho, na tuwaunge mkono wapewe walau nauli na bando. Tukijifungia na huduma yetu ndani ya uzio, siku tutakapogoma majirani watatupita wakitutazama tu.

Ndugu wafanyakazi, najua wapo watakaosema madai saba ni mengi, tuchukue kioo kwanza, mengine tutadai baadaye. Nimekuwa katika kazi ya chama miaka ya kutosha kujua kwamba "baadaye" ni mahali ambapo hakuna basi linalokwenda. Mwajiri anahitaji saini yetu leo. Kesho hataihitaji.

Wapo pia watakaosema tukatae kabisa. Hao nawaomba waende kumsalimia yule kijana wa kiwandani, wamshike mkono, wahesabu vidole vilivyobaki.

Kila tawi liyajadili mambo haya kabla ya wajumbe kwenda mezani. Waiteni manesi na wakunga wenu mkutanini, wawe ni wanachama au si wanachama, waulizeni wametumia shilingi ngapi za bando mwezi huu kwa ajili ya wagonjwa wenu. Andikeni jibu, mlilete katika ofisi ya chama. Tukikusanya majibu ya mashamba yote, hakuna meneja atakayeweza kusema kwamba anatuletea zawadi. Atajua anatulipa deni.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Umoja ni nguvu.